Kiti cha Mlangoni, Kasarani

Watu wa Shella, hapa Malindi, watakwambia Kadii Kiponda ni mama mpole. Watakwambia hana neno na mtu, asubuhi anauza mbaazi na mahamri, Jumapili yuko kanisani, na Jumamosi mchana yuko uwanjani akichora mistari kwa chokaa. Yote ni kweli isipokuwa huo upole. Mimi ni jirani yake, saluni yangu inatazamana na jiko lake, na ninajua ninachosema. Ukimkosea Kadii atakulipa, hata kama ni mwaka kesho, na siku ya kukulipa atakuamkia vizuri kabisa. Ndiyo maana nampenda. Watu wanaosamehe haraka sijawahi kuwaelewa. Huwa nadhani hawakuumia.

Kazi ya mistari aliirithi kwa mumewe. Marehemu Kiponda ndiye aliyekuwa akiitwa kila kukiwa na mechi pale uwanja wa Alaskan: anatangulia na kamba, anaivuta mpaka inalia, na Kadii anafuata nyuma na kopo lililotobolewa matundu, chokaa inadondoka juu ya kamba. Wakimaliza wanageuza ndoo mbili, wanakaa pembeni, wanatazama mechi mpaka filimbi ya mwisho. Mke na mume wengine huzungumza habari za shamba na ada za shule. Hawa walizungumza habari za kona na penalti. Kiponda alikuwa na neno lake moja ambalo Kadii amenirudilia mara nyingi tukisukana nywele: "Goli la kwenye runinga umesimuliwa tu, mke wangu. Siku moja tutakwenda Kasarani, tulione likiingia kwa macho yetu."

Hawakwenda. Kiponda alikufa mwaka ule wa korona, ingawa yeye hakuuawa na korona, aliuawa na sukari. Wakati wa mazishi, kule kwao Adu, Kadii hakulia sana mbele za watu. Aliporudi Malindi alichonga kigingi, akafunga ncha moja ya kamba pale ambapo mkono wa mumewe ungekuwa, na Jumamosi iliyofuata mistari ikawa imenyooka kama zamani.

Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba mashindano ya CHAN yatachezwa kwetu, na kwamba Harambee Stars watacheza Kasarani, aliyekuwa na furaha kuliko sisi sote alikuwa mama huyu. Tulikuwa na kikundi cha mashabiki pale kwenye banda la Kavumbi la kuonyesha mpira. Kadii ndiye aliyetoa wazo la ziara. Tusiende mechi tu turudi, alisema. Twende tukiviona viwanja njiani, tuanze na kile cha Kilifi, tukitazame na cha Nyayo kule Nairobi hata kama ni kwa nje, halafu ndipo tuingie Kasarani. "Mtu hali nyama kabla ya mchuzi," aliwaambia. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiwashawishi watu, alichanga kama wengine, na alianza kutafuta viatu vya kutembelea Nairobi miezi mingi kabla ya safari.

Sasa mwenyekiti wa kikundi alikuwa Dzombo, mkwewe, aliyemuoa Janet, binti yake wa pekee. Dzombo ana duka la simu na ana mdomo mtamu. Ni mtu wa kukuuzia chaja mbovu ukaondoka unamshukuru. Alichaguliwa mwenyekiti kwa sababu ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Nilikuwepo siku ya kikao cha mwisho, na hasira yangu ya siku ile haijapoa. Dzombo alisimama mbele ya banda, akakohoa kidogo, akasema, "Jamani, kuna jambo dogo la heshima. Mama mkwe wangu amo katika msafara. Na wengi wenu ni watu wa huku, mnazijua mila zetu. Mkwe na mama mkwe hawapandi gari moja siku mbili, hawakai jukwaa moja, hawashangilii pamoja. Mimi nikivua jezi kwa furaha, nitamvulia nani? Mmoja wetu itabidi abaki. Na mimi ndiye mwenyekiti."

Watu wakacheka. Wazee wawili watatu wakatikisa kichwa wakasema ni kweli, ni kweli, heshima ni kitu cha bure. Nafasi ya Kadii akapewa Peterson, rafiki yake Dzombo, mtu ambaye kila mechi anauliza timu yetu ndiyo ipi.

Heshima. Dzombo huyu huyu alikuwa akila mbaazi jikoni kwa Kadii, miguu ameinyoosha. Dzombo huyu alipougua taifodi, Janet akiwa kazini hospitali ya Kilifi, Kadii alimlisha uji kwa kijiko. Fainali ya Kombe la Dunia waliitazama kwenye mkeka mmoja, na penalti ya mwisho ilipoingia walipigana mapaja kama watu waliozaliwa tumbo moja. Mila ilikuwa imekwenda wapi siku zote hizo? Ilikuwa imelala, na ikaamka siku ambayo ingemfaa.

Kadii alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya mahamri aliyotuletea kikaoni. Alisikia yote. Aliiweka sinia juu ya benchi, akajifunga leso vizuri.

"Sawa," alisema. "Kama ni mila, na ishikwe mila."

Akaenda zake. Nao wakayala mahamri. Hilo nalo sijawasahaulia.

Jioni ile nilivuka kwenda jikoni kwake nikidhani nitamkuta analia. Nilimkuta anachambua mbaazi, na uso wake umetulia kwa namna iliyonitia wasiwasi. Mimi ni mtu wa bara, wazazi wangu wako Nyandarua, mambo ya mila za huku huwa najifunza kwa kuuliza.

"Easter," akaniambia, "kwetu, mkwe akikutana na mama mkwe njiani, nani anayepisha?"

"Sijui, mama."

"Yeye. Anatoka njiani, anaingia majanini, mpaka mama apite. Nikikaa mahali, yeye hakai. Nikiingia, anatoka. Dzombo amesema mmoja lazima abaki. Kweli kasema. Lakini hakusema vizuri ni nani." Akazipeta mbaazi, zikaruka zikarudi. "Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Basi na auonje."

"Na asipopisha?"

"Asipopisha, ametangaza mbele ya watu kwamba mila imekufa. Na kama imekufa, mimi nitapanda basi lake, kiti cha mbele, karibu na dereva."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Popote Dzombo angekwenda, alikuwa ameshajifungia mlango mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata tulijaribu. Banda limejaa, mechi ya Uingereza ndiyo inaanza, Dzombo amekaa benchi la mbele kama desturi yake. Kadii aliingia bila haraka, akafuata njia ya katikati, akakaa benchi la pili, nyuma yake kabisa. Kavumbi akamtazama Dzombo. Watu wote wakamtazama Dzombo, wale wale waliomsikia siku ya kikao. Akajifanya anapokea simu, akatoka. Kadii alitazama mechi yote, na kila timu ilipokosa goli alisema "Loo" kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

Ratiba ya safari Dzombo aliiweka mwenyewe kwenye kikundi cha WhatsApp, saa kwa saa, kwa herufi kubwa. Nami nimo kikundini. Kwa hiyo hatukuwa na kazi ya kupeleleza, kazi yetu ilikuwa kutangulia tu. Ndugu yangu Njenga anaendesha lori la nazi kwenda Nairobi. Nilimweleza, akasema yeye mambo ya mpira hayampi usingizi wala hayamnyimi, lakini kisasi cha mama mtu mzima hawezi kukipita barabarani bila kukipa lifti. Tikiti nilizikata mimi kwa simu, jukwaa lile lile walilokata wao, maana Dzombo alikuwa amelitangaza ili wote wakae pamoja.

Usiku wa kuamkia safari Janet alimpigia mamake. Nilisikia upande mmoja tu wa mazungumzo.

"Mimi sijambo, mwanangu... Ndiyo, nami naenda... La, sitapanda basi lenu, mumeo si amesema hairuhusiwi? ... Mwambie asihofu. Nitamheshimu kila hatua."

Tulifika Kilifi jua halijawa kali. Njenga aliegesha lori kando, sisi tukaingia uwanja wa Karisa Maitha. Kadii alivua viatu. Alitembea mpaka katikati, akainama, akagusa mstari kwa kidole. "Huyu aliyechora hapa alikuwa na njaa," akasema. "Ona ulivyopinda." Akasimama kwenye duara la kati, mikono kiunoni, na hakuondoka tena.

Basi lao likafika. Mashabiki walishuka wakiimba, filimbi na bendera, na Dzombo akatokea mlangoni mwa basi na jezi mpya ya kijani imeandikwa MWENYEKITI mgongoni. Mguu mmoja ulikuwa tayari chini. Alipotupa macho uwanjani na kuona ni nani amesimama katikati, aliurudisha mguu ndani polepole, kama mtu aliyekanyaga maji asiyoyajua kina chake.

Hope, katibu wa kikundi, alipanga watu kwa picha. "Mwenyekiti yuko wapi? Picha ya kwanza bila mwenyekiti?"

Sauti ikatoka dirishani, upande wa pili wa basi. "Pigeni tu. Mimi nina simu ya kikazi."

Janet akaja mpaka katikati ya uwanja, macho yamemwiva. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmeamkaje?"

"Mama, unatufanyia nini?"

"Mimi? Nimekuja kutazama uwanja."

"Watu wanamcheka."

"Walinicheka na mimi," Kadii akasema, "na wewe ulikuwepo, ukacheza na simu yako."

Janet aliitengeneza leso ya mamake begani, ingawa haikuwa imekaa vibaya, akarudi kwenye basi. Nilimwonea huruma kidogo, si sana. Lile la simu lilikuwa kweli.

Nairobi tulilala kwa dada yangu Bridgit, Githurai, na asubuhi Njenga alitupeleka Nyayo. Uwanja ulikuwa na ulinzi wa mashindano, hatukuruhusiwa kuingia, tukasimama nje ya lango kubwa kama watu wengine. Dzombo siku hiyo alikuja amejiandaa, amevaa miwani ya jua na kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Aliposhuka na kumwona Kadii mbele ya lango, aliwaacha wenzake, akazunguka kwa nyuma ya magari atokee upande wa pili. Kadii alinipa mkoba wake nimshikie. Akasogea naye taratibu, upande ule ule, akisoma mabango kama mtu asiye na lake. Walikutana macho kwa macho kwenye kibanda cha mwuza njugu. Dzombo akainamisha kichwa, akageuka, akaenda kukaa ndani ya basi. Mwuza njugu aliuliza kama yule bwana ni mwizi.

"La," Kadii akamjibu, "ni mkwe wangu. Ana heshima sana." Akanunua njugu.

Njiani kuelekea Kasarani simu yake iliita. Alikuwa Janet tena, na safari hii nilimsikia hata yeye, maana alikuwa analia. Mumewe hakula tangu jana, alisema. Amekaa kiti cha nyuma, amejifunika bendera usoni, Peterson anamtania mbele ya watu.

"Na mimi siku ile sikula," Kadii akasema. "Hakuna aliyenipigia simu." Akakata. Akatazama magari ya Thika Road. Halafu akasema, si kwangu wala si kwa Njenga, "Ajue tu inavyokuwa kubaki nje."

Tuliingia Kasarani mapema, viti vingi vikiwa bado vitupu. Ukipanda zile ngazi za saruji hutoki ukaona uwanja wote mara moja. Kwanza unaona anga, halafu paa, halafu watu wa upande wa pili wadogo wadogo, halafu majani. Kadii alipoyaona yale majani alisimama palepale, watu wakampita kushoto na kulia. Machozi yalimtoka bila yeye kukunja uso. "Kiponda," akasema, "tazama mistari." Kweli ilikuwa imenyooka, myeupe kama iliyochorwa dakika ile. Nikamshika mkono. Sikuona aibu kulia naye, na hata Njenga, ambaye mpira haumnyimi usingizi, alitazama pembeni.

Nilimwonyesha viti vizuri juu, katikati, mahali unapoona magoli yote mawili bila kugeuza shingo. Akakataa. Alichagua kiti cha mwisho wa safu, pale mdomoni mwa ngazi, ambapo kila anayeingia jukwaa letu lazima apite mbele ya magoti yake.

"Mama, hapa hatutaona vizuri. Watu watakuwa wanapita mbele yetu kila mara."

"Hapa ndipo," akasema. Akakaa, akaweka mkoba mapajani. Kutoka pale ukigeuka unaona ngazi yote, kushuka mpaka chini kwa askari wa lango.

"Mama, umekuja kuona goli au umekuja kumwona Dzombo?"

"Nimekuja na macho mawili," akanijibu.

Kikundi kilifika saa nane na nusu. Walipanda ngazi mmoja mmoja, na kila mmoja ilibidi ainame, amwamkie, ajibanze apite mbele ya magoti yake. Hope alipita. Kavumbi alipita, akijizuia kucheka. Peterson alipita, akaniuliza timu yetu imevaa rangi gani. Janet alipita bila kusema kitu, akakaa safu ya nyuma yetu. Wa mwisho akawa Dzombo, na jezi yake na bendera na vuvuzela. Alifika ngazi ya juu kabisa. Uwanja alikuwa ameshauona kidogo, naapa, alikuwa ameona paa na nusu ya majani. Ndipo akaona magoti.

Alisimama. Jukwaa letu zima likamtazama. Kama angepita, angekuwa ameyala maneno yake mbele ya watu wale wale. Kadii hakumtazama usoni, alitazama viatu vyake, kama mila itakavyo. Dzombo alikaa hivyo muda wa mtu kuvuta pumzi mara mbili tatu, kisha akageuka, akashuka.

"Si angepita tu?" Njenga akanong'ona.

"Hawezi," nikamwambia, na moyo wangu ulikuwa mtamu kama halua.

Alijaribu mlango mwingine, tulimwona akirudishwa, tikiti yake haikuwa ya kule. Mwishowe alikaa chini kabisa ya ngazi yetu, karibu na askari, ametandika bendera kwenye saruji akaikalia. Askari yule alikuwa kijana mrefu, jina lake Kiprop lilikuwa kifuani, na kwa kuwa naye zamu yake haikumruhusu kupanda, alikuwa ameegemeza simu ukutani akitazama mechi kwenye kioo kile kidogo.

Wimbo wa taifa ukaimbwa. Mechi ikaanza. Sitaki kuwadanganya, mimi mwenyewe nilisahau kisasi kwa muda. Uwanja mzima unapovuta pumzi pamoja, mwili wako unavuta tu, hauulizwi. Lakini kila nilipomgeukia Kadii nilimkuta amekaa upande, bega moja kwa uwanja na bega moja kwa ngazi. Alikuwa anamhesabia Dzombo kila kitu. Sasa amejishika kichwa. Sasa amesimama, amekaa tena. Sasa anamwomba askari maji. Akawa ananipa habari zake kama mtangazaji wa redio.

"Mama, tazama uwanja."

"Naona, naona."

"Mama, tunashambulia."

"Nasikia. Ona, Easter, ona sasa amevua kofia."

Ilikuwa dakika chache kabla ya mapumziko. Mimi lile goli nililiona, nitalisimulia mahali pake. Kelele iliyotoka mle ndani sijawahi kuisikia maishani mwangu, saruji ilitetemeka chini ya miguu, mtu nisiyemjua alinikumbatia akanimwagia soda. Nilipojikwamua nilimwona Kadii amesimama, anageuka kutoka kwenye ngazi kuelekea uwanjani, na alipomaliza kugeuka, wachezaji wetu walikuwa wameshalaliana kule kwenye kibendera cha kona na mpira ulikuwa umetulia ndani ya wavu.

"Limeingia?" akaniuliza.

"Limeingia, mama."

Alitazama wavu. Ulikuwa umetulia. Kisha, sijui ni mazoea tu, akageuka tena kutazama ngazi.

Kule chini Dzombo alikuwa amemwinamia Kiprop, vichwa vyao viwili juu ya simu. Walikuwa wamesikia kelele lakini simu huchelewa, picha ilikuwa bado haijafika. Tukawaona wakingoja. Halafu ikawafikia. Dzombo aliruka kama mbuzi, akamkumbatia askari, kofia ya askari ikaanguka, wakazunguka wote wawili wakipiga kelele. Alikuwa ameliona mwanzo mpaka mwisho. Akiwa bado amemshika Kiprop shingoni aliinua macho juu, akamwona mama mkwe wake. Akaona pia amesimama vipi, mgongo kwa uwanja.

Hakuinamisha kichwa safari hii. Alicheka. Hakucheka kwa sauti, ila meno yote yalionekana.

Kipindi cha pili Kadii aligeuza mwili wote, akaukazia macho uwanja, hakupepesa. Ilitoka moja bila. Wetu walikuwa wamebaki kumi kwa kadi nyekundu, wakawa wanalinda tu, na hakukuwa na goli jingine la kuona. Kipenga cha mwisho kilipolia watu wote waliruka, na yeye alibaki amekaa na mkoba mapajani. Nilimchukia Dzombo, nikamchukia Kiprop na simu yake, na kwa mara ya kwanza nilikichukia na kile kiti.

Alipofika nyumbani alilowesha mbaazi za kesho.

Wiki ile, kila aliyekuja kununua mahamri alitaka habari. Mama Janet, ulikuwa ndani kabisa, tuambie, lilikuwaje? "Lilikuwa goli," alijibu, na kumwongezea mtu mchuzi ambao hakuuomba. Wengine walidhani anaringa. Mimi nilijua, na yeye alijua ninajua, na hatukulitaja.

Jumapili iliyofuata Stars walicheza tena, na banda la Kavumbi likajaa mpaka nje. Mechi ilikuwa bado. Dzombo alikuwa ameketi mbele. Kadii alipoingia, Dzombo hakujifanya anapokea simu. Alisimama kabisa, akawageukia watu.

"Jamani," akasema, "safari ilikuwa njema, lakini mimi mechi sikuingia. Nilibaki nje kwa heshima, wote mlishuhudia. Sasa ningeomba tusimuliwe lile goli na mtu aliyekaa ndani, kiti cha mlangoni, aliyekwenda kutuonea." Sauti yake ilikuwa laini, ya kuuzia chaja. "Mama akubali tu, na sisi wa nje tusikie."

Watu wakashangilia wakasema kweli, kweli, mama atusimulie. Kavumbi akapunguza sauti ya runinga. Nyuso zote zikamgeukia.

Kadii alitembea ile njia ya katikati, mpaka mbele, mpaka karibu kabisa na benchi la mkwewe. Dzombo akainama kwa adabu. "Mama amefika, napisha," akasema, akatoka nje akiwa bado anacheka. Kadii alikuwa amemtoa tena, kama alivyomtoa Kilifi, Nyayo na Kasarani. Lakini watu walibaki pale, na swali walikuwa bado wanaliuliza.

Alisimama mbele ya watu wote wale na leso yake ya kanisani. Aliwatazama. Nilidhani atadanganya, na angeweza, nani angemkatalia? Janet alikuwa amekaa mwisho wa benchi, na safari hii simu ilikuwa ndani ya mkoba.

"Easter," Kadii akasema, "wasimulie wewe."

Nikasimama. Nikasimulia. Nilianza pale mpira ulipotoka kwetu nyuma, nikaeleza ulivyopita kati ya watu, jukwaa lilivyoinuka kabla ya shuti lenyewe kupigwa, na kimya kile kidogo ambacho huwezi kukipata kwenye runinga, cha watu maelfu wasiopumua. Banda lote lilinisikiliza. Yeye alikuwa amekaa benchi la mbele, pale pale Dzombo alipotoka, mikono mapajani, amenikazia macho kama mtoto anayesomewa.

Nikafika pale mpira ulipovuka mstari, nikanyamaza ili watu washangilie. Hawakuwahi.

"Uliingia upande gani?" Kadii akauliza.

Kavumbi alinitazama. Janet aliinamisha kichwa. Watu wote walimsikia, na sasa wote walijua.

"Mlingoti wa kushoto, mama," nikamwambia. "Chini."